Neno Moja, Kisha Tanga

Kwenye kaunta ya telegramu ya Posta ya Tanga kulikuwa na daftari kubwa la jalada gumu ambalo mteja wa kawaida hakuwa na sababu ya kuliona. Kila mstari ulianza na neno moja kwa herufi kubwa, kisha jina la kampuni, namba ya sanduku lake na tarehe ya kwisha malipo. Neno lenyewe halikulazimika kuwa na maana. Mara nyingi lilikuwa vipande vya jina la mwenye kampuni vilivyoungwa pamoja, au jina la mnyama, au la mto wa huko kwao. Mwenye neno alilipa ada kila mwaka. Asipolipa, mstari ulipigwa kalamu nyekundu na neno likawa huru kwa mwingine.

Niliajiriwa pale miaka ya mwanzo ya 1980, Posta na Simu zikiwa bado shirika moja, na bibi mmoja wa Kibondei aliyekaribia kustaafu ndiye aliyenieleza daftari lile lilikuwa la nini. Telegramu ililipiwa kwa neno, na maneno ya anwani nayo yalihesabiwa. Mtu wa kupeleka habari ya msiba alijibana: "Baba kafariki njoo." Lakini jina la ndugu anayepelekewa, kwa mkono wa mwalimu mkuu, shule fulani, sanduku la posta namba fulani, mji fulani, hayo yote yalikuwa marefu kuliko msiba wenyewe, na senti zilihesabiwa mpaka neno la mwisho. Kwa mfiwa hiyo ilikuwa gharama ya siku moja. Kampuni ya mkonge iliyopokea telegramu za London kila siku ya kazi ilikuwa na shida nyingine: kila anayeiandikia alilipia urefu wa jina lake. Kwa hiyo ikanunua neno. Telegramu ikaja na neno hilo moja, kisha TANGA, basi. Tarishi alijua aende wapi.

Na neno lile lilikuwa lako Tanga tu. Mombasa lingeweza kuwa la mtu mwingine kabisa, Dar es Salaam la wa tatu, na pasiwe na ugomvi, maana jina la mji lililofuata ndilo lililowatenganisha.

Nayasema haya kwa kuwa binti yangu ana duka la steshenari Ngamiani, hapa mjini Tanga, na pamoja na kutoa fotokopi na kuwajazia watoto wa watu fomu za mkopo wa chuo, huwasajilia wafanyabiashara majina ya tovuti. Serikali huyaita majina ya vikoa. Vijana husema domeni. Hukaa kwenye benchi pale nje wakibishana juu ya mkia wa jina. Uwe .com? Uwe .co.tz? Au hii .africa, ambayo kila mara anatokea mtu wa kusema kuwa soko lake linakuja? Mimi niko pembeni na kikombe changu cha kahawa, nawasikiliza, nao hawajui kwamba mji huu ulikuwa na mkia wake kabla intaneti haijazaliwa, na kwamba ulinunuliwa kwa fedha nzuri. Soko lile lilitoka wapi na likaenda wapi ndilo ninalotaka kulisimulia, kwa sababu wanaouza majina hawalisimulii.

Kabla ya Posta, barua ya pwani hii ilikuwa na anwani ya mtu. Iliandikwa kwa herufi za Kiarabu, ikakunjwa, ikapewa nahodha au jamaa anayevuka kwenda Pemba, Unguja au Mombasa. Nje palikuwa na jina la mpokeaji, jina la baba yake na mji, na hayo yalitosha, kwa kuwa bandarini Tanga au Pangani hapakukosekana mtu wa kusema fulani bin fulani yuko msikiti gani alasiri ile. Mgeni ambaye hajajulikana alipokea barua zake kwa mkono wa mwenyeji. Mwenyeji hakutoza kitu, ila deni la heshima lilibaki, na lilikuwa deni kweli.

Wajerumani walipomaliza vita vyao na Abushiri, wakamnyonga Pangani Desemba 1889, waliishika pwani kwa vituo, na kila kituo kikafuatwa na posta. Bagamoyo na Dar es Salaam zilifunguliwa Oktoba 1890, Tanga ikafuata muda si mrefu. Stempu zilikuwa zilezile za Ujerumani, lakini kuanzia 1893 zilipigwa chapa juu yake kwa fedha iliyokuwa ikitumika huku: pesa 2, 3, 5, 10 na 25, rupia moja ikiwa na pesa 64. Waya wa telegramu ulipita Saadani na Pangani ukafika Tanga katika miaka hiyohiyo ya mwanzo ya 1890. Unguja tayari ilikuwa imeungwa na Aden kwa waya wa chini ya bahari tangu 1879, kazi ya kampuni ya Kiingereza. Kwa hiyo mtu aliyekaa Tanga mwaka 1895 aliweza kuuliza bei Ulaya na kupata jibu siku zilezile. Tatizo ni kwamba hakuwa na kitu kikubwa cha kuulizia bei. Pembe, mpira wa msituni na nazi zilikuwapo, lakini si kwa wingi wa kumfanya mtu anunue neno.

Kitu chenyewe kilifika 1893, na hakuna aliyekiona. Mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida. Ilipopita Hamburg na bahari zote hizo, ilifika 62 ikiwa hai. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mwaka uleule ujenzi wa reli ulianza Tanga. Ilitambaa pole pole kwa ukosefu wa fedha: Korogwe ilifikiwa 1902, Mombo 1905, Moshi 1911. Kila stesheni iliyofunguliwa iliacha nyuma yake mashamba ya mkonge kulia na kushoto, na kila shamba lilikuwa na wakala mjini Tanga, na kila wakala alikuwa na mwenzake Hamburg, na baada ya vita vya kwanza vya dunia, London.

Baba yangu alikuwa karani wa shamba mojawapo upande wa Muheza. Alisomeshwa hapohapo, akapewa meza, na moja ya kazi zake ilikuwa kufungua kitabu cha misimbo. Kampuni nyingi zilitumia kile cha Bentley kilichotoka kwanza 1906, ambamo neno la herufi tano lisilosomeka lilibeba sentensi nzima ya biashara. Telegramu ya maneno machache ilitaja kiasi cha nyuzi, daraja, bei kwa tani, meli na mwezi wa kupakia. Nyumbani kwetu bei ya mkonge ya London ilizungumzwa kwenye chakula cha jioni jinsi majirani walivyozungumza mvua. Mama yangu, ambaye hakuwahi kukata jani la mkonge maishani mwake, alijua tofauti ya daraja la 1, 3L na UG, na alijua pia kwamba bei ikishuka sana, karani wa pili hupunguzwa.

Wakati wa vita vya Korea bei ilipanda mno na Tanga ikapata fedha. Chama cha wakulima wa mkonge kilikuwa na makao yake hapa. Tanganyika ikawa ya kwanza duniani kwa mkonge, na mwaka 1964 ilizalisha zaidi ya tani 230,000. Daftari la miaka ya hamsini, ambalo nililikuta stoo likiwa limeliwa na mende pembeni, lilikuwa na kurasa zilizojaa. Mawakala wa mkonge, mawakala wa meli, watu wa bima, wauza mashine za kusindika, mabenki. Ukilisoma kwa taratibu uliweza kujua nani anamtegemea nani. Nami nililisoma kwa taratibu, maana mchana wa Jumanne kaunta ya telegramu haikuwa na msongamano.

Na walioukosa mstari ni akina nani? Mwenye duka la vitambaa Ngamiani hakuwamo. Muuza mbata wa Pangani hakuwamo. Mvuvi wa Mkinga, hata kwa mzaha, hakuwamo. Hao biashara yao ilikuwa kwa watu wanaowajua au wanaowaona, na neno la kulipiwa kila mwaka lisingewaongezea mteja hata mmoja. Katika miaka yangu yote pale sikuona hata kampuni moja iliyokuja Tanga kwa sababu maneno yalikuwa yakisajiliwa. Zilikuja kwa mkonge, zikaanza kupokea telegramu, zikaona zinawagharimu wateja wao, ndipo zikauliza kaunta ipi inauza neno.

Kisha kurasa zikaanza kuwa nyeupe. Baada ya Azimio la Arusha, 1967, serikali ilitwaa sehemu kubwa ya mashamba na kuyaweka chini ya shirika moja. Shirika moja linahitaji neno moja. Mistari iliyopigwa kalamu nyekundu katika miaka michache iliyofuata ni mingi, mwandiko wa mtu mmoja, kwa haraka. Huko nje kamba za plastiki zilikuwa zimeshaanza kuua bei, na mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi ilizalisha kama sehemu moja ya kumi ya mkonge wa 1964. Teleksi ilichukua wakubwa waliobaki. Nilipokaa mimi kwenye kile kiti, daftari lilikuwa na maneno yaliyo hai ya kuhesabika kwa vidole vya wateja wanne watano, na telegramu nyingi nilizopokea zilikuwa za misiba.

Watu wa kawaida wao tuliwauzia kitu kingine: sanduku. Ngamiani imepangwa kwa namba, Barabara ya Kwanza na kuendelea mpaka kupita ya Ishirini, na mgeni akishuka stendi akisema "Barabara ya Nane" anafikishwa mlangoni. Lakini Posta haikupeleka barua mlangoni. Ilipeleka kwenye kisanduku cha chuma ukutani mwake yenyewe, na aliyekuwa na ufunguo ndiye aliyekuwa na anwani. Hapo desturi ya zamani ya mwenyeji ilirudi kwa mlango wa nyuma. Sanduku la mwalimu mmoja lilipokea barua za karibu mtaa mzima: matokeo ya mitihani, barua za wachumba, hundi ya mtu aliye melini. Juu ya bahasha palisomeka "kwa mkono wa". Mwalimu hakutoza. Lakini arusi za mtaa ule aliketishwa mbele, na mtoto wake akitafuta kazi hakukosa mtu wa kumsemea.

Nilijifunza kitu kwenye masanduku ambacho binti yangu sasa anakijifunza kwa majina ya tovuti. Safu mpya ya masanduku ikifunguliwa, ilijaa. Watu walikuja na picha za pasi, wakalipa, wakaondoka wakiutazama ufunguo. Mwaka wa pili tulianza kubadilisha kufuli. Walioacha hawakuwa wote maskini. Wengi walikuwa watu ambao hawakuandikiwa na mtu. Unafungua kisanduku Januari, hamna kitu; unafungua Machi, kuna tangazo la Posta yenyewe likikukumbusha ada. Mtu mwenye akili haendelei kulipia hewa.

Basi tuje kwenye mikia ya sasa. Nchi yetu ilipewa herufi zake mbili, .tz, mwaka 1995, na katika miaka ya mwanzo shughuli zake zilipitia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Majina yalikuwa machache na waliohitaji walijuana. Mwaka 2006 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, pamoja na chama cha watoa huduma za intaneti waliunda kituo cha kusimamia majina, tzNIC, nacho kikakabidhiwa rasmi .tz mwaka 2010. Hiyo ilikuwa ni baada tu ya mkongo wa SEACOM kutua Dar es Salaam, Julai 2009, na intaneti kuacha kuwa kitu cha kusubiriwa kwa kukunja mikono. Ukitaka jina la biashara unachukua .co.tz, shule .sc.tz, asasi .or.tz, na kuna hata .hotel.tz kwa wenye hoteli. Mpangilio huu haunishangazi hata kidogo. Ni daftari langu, limegeuzwa kuwa la nchi nzima: jina lako mbele, mahali pako nyuma, ada kila mwaka, wa kwanza kufika ndiye mwenye jina, asiyelipa hufutwa.

Hii .africa ina historia ndefu zaidi, na ya mahakamani. Mwaka 2009 Kamisheni ya Umoja wa Afrika ilimwandikia Sophia Bekele na shirika lake la DotConnectAfrica barua ya kuwaunga mkono waombe mkia huo. Mwaka 2010 ikaiondoa barua hiyo na kusema itatafuta mwendeshaji kwa utaratibu mwingine. ICANN, wale wa California wanaosimamia majina ya intaneti duniani, walipofungua maombi ya mikia mipya mwaka 2012, ada ilikuwa dola 185,000 kwa ombi moja. Walipokea maombi 1,930. Kutoka Afrika yote yalikuwa 17. Mkia wa .africa ukawa na waombaji wawili: DotConnectAfrica, na sajili ya Afrika Kusini, ZACR, iliyokuwa na baraka za Umoja wa Afrika. ZACR walipewa mkataba Machi 2014. Wenzao wakalalamika, na Julai 2015 jopo la usuluhishi likasema ICANN haikufuata kanuni zake yenyewe. Ombi la DotConnectAfrica likarudi, likachunguzwa upya, likakwama kwa sababu jina la bara zima linataka kuungwa mkono na angalau asilimia 60 ya serikali za bara hilo. Shauri likaenda mahakamani Los Angeles, kukabidhiwa kwa mkia kukazuiwa kwa amri 2016, njia ikafunguliwa Februari 2017. Mkia wa .africa ukaingizwa kwenye intaneti mwezi huohuo, ukazinduliwa Johannesburg tarehe 10 Machi, na milango ikafunguliwa kwa kila mtu tarehe 4 Julai 2017.

Ukihesabu tangu barua ile ya kwanza, ni miaka minane. Sina upande katika ugomvi wao. Nimeona kesi za mashamba Pangani zilizochukua zaidi ya hapo kwa minazi kumi. Ninachotazama ni kilichotokea huku wakati wakubwa wakigombana kule. Mwaka 2008 M-Pesa iliingia Tanzania, na namba ya simu, ambayo mpaka hapo ilikuwa ya kuongelea tu, ikawa mahali pa kupokelea fedha. Tena tarehe 1 Machi 2017, siku tisa kabla ya sherehe za Johannesburg, TCRA iliruhusu mtu ahame mtandao bila kubadilisha namba yake. Sijui kama kuna aliyeziweka tarehe hizo mbili pamoja. Kwangu mimi wa Posta, ile ya 1 Machi ndiyo kubwa. Namba iliacha kuwa ya kampuni ya simu ikawa ya mtu, na mfanyabiashara wa Tanga akapata anwani asiyoilipia ada ya mwaka, anayofikiwa kwa sauti, kwa maandishi, kwa picha ya bidhaa na kwa pesa. Hata Posta wenyewe baadaye walileta Posta Kiganjani, ambapo namba ya simu ndiyo sanduku lako. Nilipoisikia nilicheka peke yangu. Na mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti, nyumba zetu zikabandikwa namba na postikodi zikawa sehemu ya anwani, za mkoa wetu zikianzia na 21. Kwa hiyo mtu wa Barabara ya Nane leo ana anwani za kutosha. Hana njaa ya nyingine.

Sisemi .africa haina wateja. Wapo, na ni wale wanaofanana na wenye mistari kwenye daftari langu. Mashirika yanayofanya kazi nchi tano sita na hayataki kuonekana ya nchi moja. Mikutano ya bara. Kampuni za fedha zinazovuka mipaka. Kwa hao .co.tz ni nyembamba na .com imejaa, jina zuri fupi limeshachukuliwa zamani. Jaribu tanga.com: kwa miaka mingi lilikuwa duka la Marekani la kuuza vitu kwa bei ya kutupa. Wenye hoteli za Ushongo nao wana sababu, maana mgeni wa Ulaya anayetafuta ufukwe anaijua Afrika kabla ya kuijua herufi t na z. Lakini waulize wageni wao wanafikaje. Watakutajia mawakala wakubwa wa kuhifadhi vyumba, na ukurasa wa hoteli uko ndani ya tovuti ya wakala, chini ya mkia wa wakala. Yule ndiye mwenyeji wao wa leo, na tofauti yake na mwalimu wetu ni kwamba yeye anatoza.

Wauza iliki na mdalasini wa Amani, mwenye karakana ya samani Chumbageni, mama wa kushona madera Makorora: Afrika kwao ni kubwa mno. Mteja wao yuko Dar es Salaam, Arusha, Mombasa au Unguja, na anachotaka kujua ni kama mzigo utapanda basi la kesho asubuhi. Hawa wakija dukani kwetu, binti yangu huwauliza kwanza nani amewaomba tovuti. Kama jibu ni "hakuna, ila nimeona wengine wanayo," huwashauri wachapishe kadi. Nimemlea vizuri.

Siku moja alikuja kijana mmoja, mhitimu wa kompyuta, mwenyeji wa Moa kule mpakani. Alikuwa amesikia kwamba ICANN wamepanga kufungua tena maombi ya mikia mipya Aprili 2026, na alikuwa na lake: .pwani. Alikuwa amelifikiria kweli, sikatai. Pwani yote kutoka Lamu mpaka Kilwa, na visiwa, na Waswahili wa Muscat, na wa London, na wa Toronto. "Shikamoo bibi," akasema, "wewe si ulikuwa Posta? Nambie kama hili halina soko."

"Marahaba mwanangu. Ada shilingi ngapi?"

Ada ya ombi katika duru hiyo ilikuwa dola 227,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 500, na hiyo ilikuwa ya kuomba tu. Nikamuuliza barua ya serikali anayo? Hakuelewa. Nikamweleza kwamba Pwani ni mkoa, na Tanga ni mkoa, na majina ya mikoa yamo kwenye orodha ya kimataifa ya sehemu za nchi. Kwa kanuni za ICANN, mkia wenye jina kama hilo hauendi bila serikali kuandika kwamba imekubali. Binti yangu ndiye aliyenionyesha hilo zamani kidogo, wakati mteja mwingine alipokuja na ndoto ya .tanga. Kijana akasema barua itapatikana. Haya, tuiweke kuwa imepatikana.

Tukaja kwenye ada ya mwaka. Katika mikataba ya duru ya kwanza, mwenye mkia alilipa ICANN dola 6,250 kila robo mwaka hata kama hajauza jina hata moja. Kwa mwaka ni 25,000. Ukibakiwa na dola 10 kwa kila jina, unahitaji majina 2,500 yanayolipiwa kila mwaka ili umalize tu deni la California, kabla hujamlipa mwenye mitambo, wakili na umeme. Akanitajia .joburg, .capetown na .durban, kwamba miji ya Afrika imeweza tangu 2014. Imeweza, nikamwambia, na mikia yote mitatu inaendeshwa na sajili moja, ileile ya .africa, kwa mitambo ya pamoja, na nyuma yake kuna miji mitatu yenye viwanda, mabenki na halmashauri za kulipa. Sisi tuna Simba Cement, bandari, bomba la mafuta linalokuja Chongoleani, na mkonge unaojaribu kuinuka. Hao wote wana majina tayari.

"Lakini Waswahili ni mamilioni, bibi. Kila mmoja akichukua..."

Nikamkatiza. Nikampa karatasi ya fotokopi iliyoharibika, nikaigeuza upande mweupe, nikamwambia aandike wafanyabiashara anaowajua kwa jina, kutoka Moa mpaka Kipumbwi, ambao wangelipia .pwani mwaka wa kwanza. Akaandika mpaka ukurasa ukajaa, na nusu yao mimi pia nawajua. Kisha nikamwambia akate wale ambao mwaka wa pili wangesema subiri kidogo. Alichukua muda. Walibaki kumi na wanne, na wawili kati yao ni wajomba zake.

Akaitazama orodha ile, akakuna kichwa, halafu akamgeukia binti yangu. Mama yake ana kikundi cha wakulima wa mwani, akasema, na mnunuzi mmoja wa Unguja ameanza kuwaomba ankara kwa barua pepe, tena hataki ile ya bure ambayo kila mtu anayo, anataka yenye jina la kikundi. Je, .co.tz ni shilingi ngapi? Binti yangu akavuta kiti, akamwambia aanze na jina la kikundi jinsi lilivyoandikwa kwenye cheti.